MJADALA: Ni halali kufuta maneno ya zamani kwenye vitabu vya Miss Marple?

Mama Kurasa (mwanzisha mada)

Wanajamvi, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima, naomba tulijadili bila matusi.

Mimi ni mlevi wa Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa mwandishi Mwingereza Agatha Christie, anayekaa kijijini St Mary Mead akifuma sweta na kupalilia bustani. Mtu akiuawa, polisi wanahangaika, yeye anatulia na kukumbuka kijana fulani wa kijijini kwao aliyewahi kufanya hila kama ile. Alianza kwenye hadithi fupi mwaka 1927, riwaya ya kwanza ikatoka 1930, na riwaya zote ni 12. Hamna bastola kila ukurasa, hamna magari kufukuzana. Kikongwe, macho yake, na umbea uliopangwa vizuri.

Sasa. Mwaka 2023 gazeti la The Telegraph la Uingereza liliandika kwamba wachapishaji wa HarperCollins wamevipitia vitabu vya Christie na kuondoa maneno yanayohusu rangi na asili za watu. Mimi nina nakala kuukuu ya A Caribbean Mystery, ya 1964, niliyoinunua kwa wauza vitabu vya chini pale Posta, uti wake umeshikwa kwa gundi. Mpwa wangu kaniletea mpya. Nikakaa usiku na zote mbili mapajani kama mhasibu anayekagua daftari.

Ile sehemu bibi anamtazama mhudumu wa hoteli akitabasamu na kuwaza ana meno meupe mazuri namna gani, haipo. Ile ya mtu anayepita usiku asimwone mwanamke mweusi kwenye vichaka, haipo.

Hoja yangu ni hii. Katika kitabu hicho yupo dada anaitwa Victoria, anasafisha vyumba. Meja mmoja mzee anafariki, chumbani kwake inakutwa chupa ya vidonge vya presha. Daktari anaridhika, wenye hoteli wanaridhika, wageni wanarudi ufukweni. Victoria ndiye anayesema chupa hii jana haikuwepo. Anayefuta vumbi kila asubuhi ndiye anayejua rafu ina nini! Kabla bibi hajapata ushahidi wowote mkononi, mpelelezi alikuwa Victoria. Na kwa kujua huko anachomwa kisu. (Sitaji nani, msiogope.)

Hilo hawakuligusa, na hawawezi, maana bila yeye hamna kitabu. Wamefuta meno, wamekiacha kisu. Dunia ile ambamo mfanyakazi mweusi anaona ukweli na kuulipia kwa uhai wake imebaki vilevile, ila sasa inaongea kwa adabu. Mimi naona hiyo ni kumdanganya msomaji. Na hizi ni hadithi za upelelezi jamani, kila neno linaweza kuwa ushahidi. Huwezi kuingia eneo la tukio na ufagio.

Karibuni mnipinge.

Pwaguzi

Mada nzito, mimi nina swali jepesi. Huyo bibi nani anamruhusu kuingia kwenye kesi? Huku kwetu ukisogelea utepe wa polisi na kapu lako la nyuzi unaanza kuhojiwa wewe.

Mama Kurasa

Pwaguzi mdogo wangu, ana mtu wake: Sir Henry Clithering, mkuu mstaafu wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, anamsemea. Halafu mtaani kwenu hakuna bibi wa barazani anayejua nani kaingia kwa nani na katoka saa ngapi? Ndiye huyohuyo, kaandikiwa vitabu. Turudi kwenye mada.

Mwalimu wa Kilifi

Dada Mama Kurasa, kwa heshima zote, nakupinga.

Usiongee kana kwamba ufagio umeingia 2023. Riwaya yake inayojulikana kuliko zote, ile ya watu kumi kisiwani, ilitoka Uingereza 1939 ikiwa na tusi la rangi juu ya jalada. Wamarekani 1940 wakalikataa, wakaiita And Then There Were None. Christie alikuwa hai, aliishi hadi 1976, na alikula matunda ya vitabu hivyo kwa jina jipya. Waingereza waling'ang'ania la zamani hadi miaka ya 1980. Wafaransa wamelibadilisha juzi tu, 2020, kwa uamuzi wa kitukuu wake anayesimamia urithi. Nionyeshe leo anayelia arudishiwe lile tusi.

Mimi nafundisha fasihi. Nimewahi kusoma kwa sauti darasani kitabu cha zamani cha Kizungu, nikafika kwenye neno moja la aina hiyo, na wanafunzi arobaini na kitu hawakukitazama kitabu. Walinitazama mimi. Wewe umekaa na nakala mbili mapajani, huo ni utafiti, hongera. Mtoto wa miaka 14 anayeazima maktaba hafanyi utafiti. Anasoma apate raha, kisha kofi linatoka kusikojulikana.

Na Victoria wako nakurudishia. Yale meno ndiyo yaliyowafanya wasomaji wasimwone! Sentensi inamwambia msomaji huyu ni pambo la hoteli, kama minazi. Ondoa hiyo sentensi, atabaki mwanamke anayefikiri. Mchapishaji kamsaidia, hakumficha.

Kituko kimoja nje ya mada: moja ya mabadiliko waliyofanya ni lile neno la kikoloni la kuwaita watu wa mahali fulani, wameweka jingine la kistaarabu. Nikajaribu kutafsiri kwa Kiswahili. La zamani ni "mwenyeji". Jipya ni "mwenyeji". Kazi yao yote imeyeyuka mikononi mwangu! Kwetu mwenyeji ndiye mwenye nyumba, wewe mgeni ndiye wa kujieleza.

Kiko cha Babu

Mwalimu, hiyo ya mwenyeji nimeipenda, lakini sitakuachia.

Mimi ni wa kizazi cha Bwana Msa, yule mpelelezi wetu wa vitabuni mwenye kiko. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, 1960, nilikisoma nikiwa na kaptula, na hadi leo nikiona mtu anavuta kiko nadhani ananichunguza. Kesi inafumbuliwa kwa kukaa na kufikiri, rafiki yake Najum akishangaa pembeni. Kwa hiyo hizi hadithi za upelelezi bila fujo si za Waingereza peke yao.

Swali langu: ufagio ukitoka London utapita wapi kwetu? Chukua Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa Zanzibar, aliyoyaeleza kwa Kiswahili chake mwenyewe. Watu wa bara humo ni "washenzi", kurasa kwa kurasa. Mababu zangu mimi ndio hao anaowasema. Tufute? Tuweke "wakazi wa maeneo ya ndani"? Nikisoma "washenzi" najua mara moja ninaongea na nani, anatokea wapi, na bunduki imeelekezwa wapi. Ukiniwekea "wakazi" umeninyang'anya taarifa ya usalama.

Mwalimu wa Kilifi

Mzee shikamoo. Tippu Tip ni shahidi wa historia, hagusiki, nakubaliana nawe asilimia mia. Christie anauzwa uwanja wa ndege karibu na chokoleti. Huwezi kuwapima kwa mizani moja.

Kiko cha Babu

Marahaba. Lakini nani kakwambia kitabu cha raha si shahidi? Cha raha ndicho mwandishi anachosahau kujificha.

Binti Wete

Nimesoma kimyakimya, ngoja niseme langu.

Niko Leicester, Uingereza, nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee. Yupo bibi mmoja, ana miaka 91, macho yamekwisha, jioni namsomea. Yeye ni Miss Marple tu, mwingine hataki. Mwaka jana tulikuwa kwenye hichohicho mnachokigombania, nakala yake mwenyewe ya zamani. Kinaanza na yule meja mzee akijisifu jinsi alivyokaa Kenya miaka 14 na kwamba wanaosema mambo ya Kenya hawajui kitu. Kumbukeni kimetoka 1964, Kenya ndiyo kwanza imepata uhuru wake Desemba 1963. Miss Marple anawaza mambo yake na kuitikia tu, hamsikilizi. Bibi wangu alicheka hadi akakohoa, akasema marehemu shemeji yake alikuwa hivyohivyo, ila hadithi za huyo zilikuwa za India.

Basi tukafika penye meno. Mimi nikaruka. Sikupanga, ulimi wenyewe uliruka. Kimya kidogo, akasema: "Umeruka." Kumbe kitabu anakijua kwa moyo.

Nikamwambia ndiyo, nimeruka. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia maana wiki yangu ya kwanza hapa wewe uliniambia maneno hayohayo, mbele ya mwanao.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Hakusema samahani, msitarajie sinema. Alinyamaza, akaomba chai. Kesho yake akaniuliza jina la mama yangu, jambo ambalo kwa miezi minane hakuwahi kuuliza.

Sasa mimi nipo upande gani? Mwalimu, ningekuwa na nakala mpya ningesoma vizuri bila kujikwaa, jioni yangu ingekuwa ya raha, na bibi asingejua jina la mama yangu. Lakini dada Mama Kurasa, na wewe usiseme kirahisi "tuyaache". Anayeyasoma kwa sauti na kuyameza ni mimi, kwa mshahara wa saa.

Pwaguzi

Dah.

Mama Kurasa

Binti Wete, umenikalisha chini. Kweli, niliandika kama mtu mwenye kiti cha starehe. Hiyo nakubali na naifuta kauli yangu ya ufagio (ona, hata mimi nafuta).

Lakini sibadiliki kabisa, na sababu yangu imehama. Wakati wachapishaji wa Puffin walipobadilisha vitabu vya watoto vya Roald Dahl, mwaka huohuo 2023, hata neno "nene" likaonekana kosa, watu walipiga kelele na kampuni ikatangaza itachapa matoleo yote mawili, msomaji achague. Hiyo ni haki. Kwa Christie jambo limepita kimya mpaka gazeti lilipoandika. Nakala yangu mpya nimeigeuza mbele nyuma, sioni sentensi inayoniambia humu pamepunguzwa. Na kwa sheria ya Uingereza hakimiliki yake haiishi hadi mwisho wa 2046, maana inahesabiwa miaka 70 baada ya kifo. Hadi hapo mwenye haki akiamua ya zamani isichapwe, haichapwi na mwingine yeyote. Itabaki kwa wauza vitabu vya chini, nayo gundi ina mwisho wake.

Mwalimu, hata unga tunaandikiwa umeongezwa nini. Kitabu kiandikwe kimepunguzwa nini. Mstari mmoja tu ukurasa wa pili.

Mwalimu wa Kilifi

Hapo tumekutana njiani. Mstari uwepo, nasaini. Darasani nitabeba mpya, kabatini nitaweka ya zamani kwa atakayeuliza.

Kiko cha Babu

Na wa kwanza kuuliza atakuwa yule mtundu wa nyuma. Binti Wete, huyo bibi mlimaliza kitabu?

Binti Wete

Tulimaliza, babu. Tulipofika Victoria alipouawa aliniambia nisimame hapo, turudi kule alikoisema ile chupa, nisome tena polepole. Nikasoma mara mbili. Sasa anataka Nemesis, kingine cha Miss Marple, lakini nakala yake haina kurasa za mwisho, kwa hiyo kama kuna mtu wa Leicester anayo, hata ya zamani, anitumie ujumbe.