Mrejesho: Seva ya Linux iliyokuwa ikikwama wakati wa kuwaka
Ndugu wataalamu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini seva yangu ya Debian (aina ya Linux), kila diski ya nakala rudufu inapochomolewa, husubiri sekunde 90 kisha huishia kwenye hali ya dharura.

Nimeongeza nofail (diski ikikosekana, mfumo uendelee kuwaka) na x-systemd.device-timeout=10s (isubiriwe sekunde 10 tu) kwenye mstari wa diski hiyo katika /etc/fstab, yaani faili la orodha ya diski za kupachikwa (kuunganishwa kwenye saraka), na sasa seva inawaka hata diski isipokuwapo. Ushauri wa kutumia UUID (namba ya kipekee ya utambulisho) badala ya jina la kifaa /dev/sdb1 ni mzuri, ila peke yake haukusaidia, kwa kuwa systemd (programu inayosimamia kuwaka kwa mfumo na huduma zake) iliendelea kuisubiri diski ambayo haipo.

Hata hivyo, kwa kuwa nofail huufanya mfumo usisubiri diski ipachikwe, huduma ya nakala ilianza mapema na kuandika kwenye saraka tupu ya diski kuu (/mnt/nakala, ambako diski ya nakala hupachikwa), ikakaribia kuijaza. Hilo lilitatuliwa na RequiresMountsFor=/mnt/nakala katika faili la huduma hiyo: diski isipopatikana, huduma haianzi kabisa, jambo ambalo naliona bora zaidi.

Saraka ya NFS (iliyo kwenye kompyuta nyingine na kufikiwa kupitia mtandao) bado inachelewesha kuwaka, kwani device-timeout huhusu vifaa vya diski tu; nitajaribu x-systemd.automount (saraka ipachikwe pale tu inapohitajika), kama mmoja wenu alivyopendekeza.