MREJESHO: Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, kwanini hawakumpasua

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu mama yangu mwenye saratani ya shingo ya kizazi hatua ya 2B, kwamba mbona madaktari hawataki kumpasua, au ndo wameshamkatia tamaa. Asanteni mno mlioniambia nikaulize palepale hospitali ya saratani ya Ocean Road, nimeenda na daktari wa mionzi katulia akatuchorea kwenye karatasi kabisa, ugonjwa umeshatoka kwenye shingo ya kizazi umeingia nyama za pembeni, ukikata hapo unaweza kuacha mabaki ila mionzi inapafikia. Kwahiyo matibabu ya hatua hiyo ndo hayo na lengo ni apone.

Mpango ni mionzi ya nje Jumatatu mpaka Ijumaa kwa kama wiki 5, na kila wiki dripu ya kemo, yaani dawa ya saratani iitwayo sisplatini, inayoifanya mionzi iue seli za saratani vizuri zaidi. Kabla ya dripu wanapima damu na figo maana dawa hii inaumiza figo, ndo maana anasisitiziwa maji. Halafu mionzi ya ndani, kifaa kinapitishwa ukeni mpaka kwenye shingo ya kizazi yenyewe. Kumbe kuna hadi mtaalamu wa fizikia anayepiga hesabu za dozi ili kibofu na utumbo visiumie sana, hili limenipa moyo kweli.

Mama ameshaanza, wamemchora alama kiunoni na kaambiwa asizisugue akioga. Kichefuchefu kipo ila uji anakunywa. Wenye wagonjwa waliopitia mionzi ya ndani, maumivu yakoje na walipewa nini? Nijibuni tafadhali.