Kidato cha Pili wanaitikia "tumeelewa", karatasi zao zinakataa. Nifanyeje?

Hesabu Mbagala:
Habari za jioni walimu. Nafundisha Hisabati shule ya kata huku Mbagala. Mkondo mmoja una wanafunzi 74, kipindi dakika 40, na wale wanaogombania daladala kule Rangi Tatu huingia jasho linawatoka, kipindi kimeshaanza.

Mwaka jana tulikazana kama tulivyozoea: masomo ya ziada Jumamosi, jaribio kila Ijumaa, maswali ya NECTA ya miaka ya nyuma nikiyanakili ubaoni mpaka chaki inaisha. Upimaji wa kitaifa ukaja, F zikawa zilezile. F ni chini ya 30, kwa hiyo sisemi watoto waliokosa kidogo.

Juzi niliacha kuuliza "mmeelewa?" Dakika tano kabla ya kengele nikagawa vikaratasi, swali moja tu: 1/2 + 1/3. Waliopata ni 19. Wengi wa waliobaki wameandika 2/5, yaani juu kwa juu, chini kwa chini. Na mimi wiki nzima nimewafundisha milinganyo yenye sehemu! Nilikaa na vile vikaratasi ofisini mpaka wenzangu wote wakaondoka. Iliniuma sana, maana madaftari yao yamejaa kazi safi waliyoinakili kwangu.

Nirudi kwenye mambo ya shule ya msingi, muhtasari usiishe? Au nisonge na wale 19?

Mstaafu wa Chaki:
Pole mwanangu, na hongera. Usisonge na 19.

Vikaratasi usivitie alama, utachoka uache. Vipange mezani mafungu matatu: waliopata, waliokosa kwa njia moja, walioacha wazi. Kesho yake anza na kosa lenyewe. Andika 2/5 ubaoni bila kumtaja mtu, kisha uliza: mtu alikuwa na nusu chapati, akaongezewa kipande, imekuwaje sasa ana pungufu ya nusu? Nyamaza. Waache wabishane. Mtoto akiona mwenyewe kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu, ile njia hairudii kirahisi.

Fizikia Kigamboni:
Shikamoo mzee. Naunga mkono, ila kurudi nyuma wiki nzima sikubali, Kidato cha Tatu watamlaumu. Tumia dakika tano za mwanzo wa kila kipindi, swali moja la zamani, halafu somo la siku.

Tena kuna lugha. Msingi walisoma kiasi na asili, yaani namba ya juu na ya chini ya sehemu, tena KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika). Kwetu wanakuta "numerator" (kiasi), "denominator" (asili), LCM (KDS), na hakuna aliyewaambia ni vitu vilevile. Mimi kona ya kushoto ya ubao haifutwi: neno la Kiingereza, pembeni la Kiswahili. Na ukiuliza swali usichukue mkono wa kwanza. Wape muda, kila mmoja amwambie jirani yake jibu, ndipo umtaje wa dawati la nyuma.

Mzazi Tandika:
Walimu wangu, mimi si msomi, nauza vitenge. Binti yangu yuko Kidato cha Pili. Nilimuuliza mbona hesabu hupati na darasa la saba ulikuwa unapata? Akasema, "Mama, naogopa kuuliza, nitakosea Kiingereza." Mruhusuni aulize kwa Kiswahili.

Hesabu Mbagala:
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Mama, hilo la kwako nimelipeleka darasani jana: swali kwa lugha yoyote, jibu tutaliandika kwa Kiingereza pamoja.

Nikaweka 2/5 ubaoni. Kimya, halafu kelele. Kijana mmoja wa dirishani, ambaye tangu Januari sijasikia sauti yake, akasimama: "Mwalimu, kumbe denominator ndiyo asili? Basi hizi asili hazifanani, tunatafuta KDS kwanza." Akaja mbele, akapata 5/6, mkono unatetemeka.

Vikaratasi vya jana waliopata ni 41. Fungu la walioacha wazi bado lina 12, na hao ndio wananinyima usingizi. Fizikia, hao wa kwako wasioandika kabisa uliwaanzia wapi?

Fizikia Kigamboni:
Niliwaita wawiliwawili wakati wa mapumziko, nikawaomba wanisomee swali kwa sauti. Wengine walikuwa hawawezi kulisoma. Anzia hapo.