Siku nne Venice na begi mgongoni, peke yangu: nilale wapi?

BintiChumbageni
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni mwanafunzi, mtu wa Tanga, nipo Ujerumani. Mwanzoni mwa Novemba nina siku nne za mapumziko na nataka kwenda Venice kwa treni, begi moja mgongoni. Kila ninayemuuliza ananiambia nilale Mestre, upande wa bara, kwa sababu ni nafuu, niwe naingia mjini asubuhi na kutoka jioni. Naomba mawazo ya waliofika: nilale wapi, nizungukeje bila kumaliza hela, na je, aliye peke yake hupata watu wa kuzungumza nao? Hili la mwisho linanitia wasiwasi kuliko hela.

KakaMoro
Dada, Mestre ni sawa kabisa. Treni hadi stesheni ya Santa Lucia ni kama dakika kumi, na ukitoka tu nje unaukuta Mfereji Mkuu miguuni. Ile ada ya wageni wa kutwa iliyoanza 2024 isikutishe, imekuwa ikitozwa siku teule kati ya Aprili na Julai.

MwanaLangoni
Marahaba, mdogo wangu. KakaMoro hajakosea upande wa hela, lakini mimi nakusihi ulale ndani ya maji. Mestre nililala usiku wa kwanza. Saa tatu usiku nilikuwa natazama saa ya treni badala ya kutazama mji. Kesho yake nikahamia hosteli moja kisiwani Giudecca, chumba cha watu wanane, vitanda vya deka, na hapo ndipo safari yangu ilipoanza.

Mimi ni wa Lamu. Nimekulia mji ambao mizigo hubebwa na punda na mikokoteni, na vichochoro vyake huvijui mpaka uvipotee. Venice nilijiona nimefika nyumbani kwa mtu wa ukoo. Gari hakuna. Takataka, saruji, mgonjwa, jeneza, vyote vinakwenda kwa boti. Jioni wageni wa kutwa wakishaondoka unasikia nyayo zako mwenyewe na maji yakigonga ngazi. Huo ndio mji wenyewe, na anayelala Mestre anaukosa.

Kuhusu watu: jikoni. Asubuhi nilikwenda soko la samaki la Rialto (nenda kati ya Jumanne na Jumamosi, mapema) nikanunua ngisi, wino bado umewatapakaa. Jioni nikawapika kwa tui la kopo. Harufu ilimleta mwalimu mstaafu kutoka Korea, halafu binti wa Argentina, halafu kijana wa Sarajevo aliyekuwa na mkate na hana kitoweo. Tulikula kwenye sufuria moja. Siku tatu zilizobaki hatukuachana.

Vaporeto, basi lao la majini, ni yuro 9.50 kwa dakika 75, ghali mno kwa kudandia mara mojamoja. Chukua tiketi ya siku tatu. Kama hujafika miaka 30, ulizia kadi ya Rolling Venice ikupunguzie. Gondola, mtumbwi wao wa kasia, ni yuro 90 kwa nusu saa mchana. Sisi tulipanda ile ya kuvusha watu tu, traghetto, yuro mbili, Mfereji Mkuu huo huo, kwa kuwa madaraja yanayoukatiza ni manne tu.

Novemba chukua viatu visivyopitisha maji. Wewe wa pwani utaelewa upesi: bamvua likikutana na upepo wa kusini-mashariki unaoisukuma bahari ya Adriatic, maji hupanda. Mwaka 2019 yalifika sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 wana milango ya chuma, MOSE, inayoinuka kutoka chini ya bahari kufunga milango ya wangwa wao, lakini uwanja wa San Marco uko chini sana na bado unaweza kulowa.

Na nenda kisiwa cha Murano. Mafundi wa vioo walihamishiwa huko mwaka 1291 kwa kuogopea moto. Ndani ya makumbusho ya vioo nilisimama mbele ya shanga, nyekundu, nyeupe, bluu, mpaka yule mwalimu akaniuliza kulikoni. Nikamwambia ushanga mwingi uliobebwa na misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara karne ya 19 ulitoka hapa. Bibi yangu alikuwa na kamba moja ya shanga nyekundu, samesame, aliyoirithi. Sijui ilipita mikono mingapi. Mwalimu alinishika bega, tukasimama pale wote wawili.

KakaMoro
Kwa habari hii ya shanga hata mimi narudi. Mara mbili nimefika, Murano sikukanyaga.

BintiChumbageni
Dada MwanaLangoni, nimesoma mara tatu. Nimeshaweka kitanda Giudecca, usiku wote. Ngisi nawajua, baba yangu ni mvuvi. Nibebe nini cha jikoni?

MwanaLangoni
Sufuria na visu vipo. Mbuzi ya kukunia hutapata, kwa hiyo shuka kwanza Mestre, maduka ya Wabangladeshi karibu na stesheni yana tui la kopo na pilipili mbichi. Chukua makopo mawili. Watakuja wengi.