Titresheni inanipa nusu ya ujazo, nifanyeje?

KidatoChaNne: Wakuu, shikamooni. Praktiko ya titresheni (kudondosha asidi kwenye kaboneti hadi rangi igeuke) ni wiki ijayo na nimekwama. Tunatumia sodiamu kaboneti 0.05 M (moli kwa lita) na asidi hidrokloriki 0.1 M. Pipeti ya kupimia kaboneti ni ya sm³ 25, kwa hesabu asidi itumike sm³ 25. Mimi napata 12.50, 12.40, 12.50.

MamaMaabara: Marahaba. Bureti, ule mrija wa kudondoshea asidi, suuza kwa maji, kisha kwa asidi yenyewe, la sivyo asidi inapungua nguvu. Flaski ya koni suuza kwa maji tu.

BabuMoli: Na pipeti usiipulize! Gusisha ncha ukutani mwa flaski, basi. Vijana mnakimbilia jibu kabla hamjajua kushika vifaa.

Chumvichumvi: Makosa hayo yangeongeza ujazo wa asidi, yasingeupunguza. Kiashiria gani, ile rangi ya kuonyesha mwisho?

KidatoChaNne: Cha kawaida tu.

Chumvichumvi: Kipi? Soma chupa.

KidatoChaNne: POP, yaani fenolfthalini. Lakini kwa sodiamu haidroksidi kinatoa jibu sahihi, kwa hiyo asidi ndiyo kali mara mbili. Nimeshaanza kuichanganya na maji nusu kwa nusu.

Mdadisi: Uzi huu umetungwa. Nusu kamili namna hiyo? Kakokotoa kwanza, ndipo akaandika.

KidatoChaNne: Sijatunga mkuu. Ile ya kwanza ya kukadiria ilikuwa 13.10.

Chumvichumvi: Namwamini, tena kwa sababu ya hiyo nusu. Kaboneti humeza asidi kwa hatua mbili: kwanza inakuwa NaHCO₃ (sodiamu haidrojeni kaboneti), kisha ndipo inatoa CO₂. POP hupoteza uwaridi karibu na pH 8.3, hatua ya kwanza inapokamilika. MO, yaani methyl orange, hubadilika kati ya pH 3.1 na 4.4, hatua zote mbili zikiisha. Haidroksidi ina hatua moja tu. Asidi uliyotia maji usiitumie: utasoma 25, lakini sasa ni 0.05 M. Chukua ya chupani. Uwaridi ukipotea, tia matone mawili ya MO flaski ileile, uendelee hadi njano igeuke rangi ya chungwa. Bureti itasoma karibu 25.

KidatoChaNne: MO imetuishia.

Chumvichumvi: Basi tumia Na₂CO₃ + HCl → NaHCO₃ + NaCl, moli moja kwa moli moja: wastani wako 12.47 × 0.1 ÷ 25, kaboneti karibu 0.05 M. Asidi itone taratibu huku ukitikisa flaski. CO₂ ikitoroka mapema, ujazo utazidi.