Datsun 240Z ya 1972: nibaki na difu ya 3.36 au nihamie 3.9?

Simba_Z72
Wakuu habari za leo. Niko Denver, Colorado, nina Datsun 240Z ya 1972 ya soko la Marekani, injini L24 kabureta mbili, giaboksi ya gia nne na difu ile ile iliyotoka nayo kiwandani, aina ya R180 ya 3.364 (yaani propela, ile shafti inayotoka kwenye giaboksi, inazunguka mara 3.364 tairi zikizunguka mara moja). Injini ilishushwa ikafanywa upya yote na inavuta vizuri, shida yangu ni barabara za huku. Mjini tu tuko mita 1,600 juu ya bahari, ukishika I-70 kwenda magharibi unapanda mpaka Eisenhower Tunnel ambayo iko kama mita 3,400, na ule mlima gia ya nne inachoka, nikirudisha ya tatu injini inalia hadi hatusikilizani na abiria. Alafu nikigeuka mashariki kwenda Kansas ni tambarare tupu, watu wanatembea kilomita 120 kwa saa, hapo gia ya nne inaniweka kama mizunguko 3,400 kwa dakika masaa na masaa.

Kuna jamaa anauza giaboksi ya gia tano ya 280ZX ya 1982, na mwingine ana difu R180 anayosema ni 3.9. Hela ya sasa inatosha kitu kimoja, kingine mpaka baadaye. Kila ninayemuuliza ana lake, mmoja weka 3.9 gari iamke, mwingine 4.11 kabisa, mwingine usiguse kitu cha kiwandani. Nianze na kipi? Tairi ni 195/70 R14.

Mzee_wa_Kinungi
3.9 bila kufikiria mara mbili kijana wangu. Hiyo 3.36 waliwawekea Wamarekani kwa sababu ya hizo barabara zao ndefu na gia nne, lakini 240Z zilizouzwa Uingereza zilikuja na gia tano na 3.9, na gari ni ile ile. Sisi huku Nairobi tuko juu kama nyinyi tu, hata zaidi kidogo, na ukitaka kwenda Nakuru lazima upande Limuru kwanza, kwa hiyo huo mlima wako naujua ulivyo. Z hii sisi tumeikuta ikishinda mbio za magari za Safari Rally, Edgar Herrmann na Hans Schüller 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews 1973, na hakuna gari ya mashindano inayopelekwa kwenye matope na milima na difu ndefu, yaani ya namba ndogo. Weka 3.9, kila gia inapata nguvu kama asilimia 15 zaidi kwenye tairi, hutajuta.

Pinioni35
Mzee shikamoo, kwenye mlima niko na wewe, ila yeye hajasema anaishi mlimani tu, kuna Kansas pia, na 3.9 peke yake kwenye gia nne itamuumiza huko. Simba ngoja tupige hesabu, maana watu wengi wanachagua difu kama vile ni kitu kinachosimama chenyewe, wakati difu, giaboksi na tairi ni hesabu moja.

Tairi yako 195/70 R14 mzunguko wake ni kama mita 1.97. Ukiwa 100 kwa saa tairi inazunguka kama mara 846 kwa dakika, zidisha na difu alafu zidisha na gia uliyopo, unapata mizunguko ya injini. Kwa hiyo leo gia ya nne (ambayo ni 1.0) kwa 100 uko kama 2,850, kwa 120 uko 3,400 kama ulivyosema mwenyewe. Ukifunga 3.9 (kwa meno halisi ni 3.889, gia kubwa ya ndani ya difu, krauni, ina meno 35 na ndogo, pinioni, ina 9) na ukabaki na gia nne, 120 inakuwa 3,950. Hapo Kansas utafika na kichwa kinauma.

Sasa chukua giaboksi ya ZX ya 1982, gia zake ni 3.062, 1.858, 1.308, 1.0 na ya tano 0.745. Ukiiweka na 3.9 yako, gia ya tano kwa 120 inakupa kama 2,940. Umeshuka karibu mizunguko 500 kutoka ulipo leo na bado umefunga difu fupi! Na kuondoka je? Leo gia yako ya kwanza ukizidisha na difu unapata 12 na kidogo, mpya ni 11.9, mguu wako hautajua tofauti.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni mlima. Umesema nne inachoka na tatu inalia. Kwa 100, nne yako ni 2,850 na tatu ni kama 4,000, katikati hapo hakuna kitu, na L24 nguvu yake ya kuvuta inakuja mizunguko ikiwa juu kidogo, kilele ni kama 4,400, kwa hiyo ukiwa chini ya 3,000 kwenye hewa nyepesi lazima ichoke. Ukiwa na 3.9, gia ya nne inakuwa 3,290 kwa spidi hiyo hiyo. Hiyo ndiyo gia unayoitafuta kila ukipanda, sasa hivi huna, na ukishafunga vyote viwili unaipata.

Kuhusu kuanza na kipi, mimi ningeanza na giaboksi. Ikiwa na 3.364 ya sasa, ya kwanza itakuwa 10.3, utasikia klachi inafanya kazi zaidi ukiondoka kwenye kilima, usikae unaishikilia nusu nusu, lakini gari inaendeshwa kila siku na Kansas unaenda kwa 2,550. Mlimani gia ya nne itabaki kama leo mpaka upate difu. Ukianza na difu, mlima unafurahi ila tambarare inakuwa mbaya kuliko sasa.

coastalZ
mbona mnaiogopa 4.11?? kwa hiyo giaboksi ya ZX tano yake ni ndefu sana, na 4.11 kwa 120 yuko kama 3,100 bado ni chini ya leo, na gari inakuwa moto kweli kweli. gari ya michezo inunuliwe ifurahishe bana

Pinioni35
coastalZ hesabu yako iko sawa na sikatai, 4.11 na gia tano za ZX ni mchanganyiko mzuri kwa mtu wa kona na milima. Ila gia ya kwanza inafika 12.6, ya pili nayo inaisha haraka, mjini unabadilisha gia kila mara. Mtu anayesafiri masafa kwa masaa mimi namshauri 3.9. Na pia yeye 3.9 ipo tayari mbele yake, 4.11 aende akaitafute.

Na kitu kingine Simba kabla hujalaumu difu, kule mita 3,400 hewa imepungua karibu thuluthi moja, hakuna difu itakayoirudisha. Kabureta zako za 72 ni zile za nati ya kurekebisha petroli chini yake, ukiziweka sawa kwa mjini, kule juu zinamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo inavyohitaji. Zikaze kidogo ziwe nyepesi, zitoe petroli kidogo, ukipanda, angalia plagi zikiwa nyeusi ujue bado. Hilo ni bure na utalisikia siku hiyo hiyo.

Simba_Z72
Asante sana wakuu, Mzee marahaba zako zimfikie Pinioni. Hiyo ya gia inayokosekana katikati imeniingia kabisa, ndivyo inavyokuwa pale karibu na Georgetown, nahangaika kati ya nne na tatu mpaka juu. Nachukua giaboksi. Sasa nauliza, hiyo difu yenyewe nitajuaje ni 3.9 kweli, muuzaji anasema tu na haina kibandiko, bado iko chini ya gari lake bovu.

Mzee_wa_Kinungi
Usinunue kwa mdomo. Funga kuni mbele na nyuma ya tairi za mbele, gia iwe huru, handbreki iachie, inua tairi moja tu ya nyuma na uweke stendi, usitegemee jeki. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Difu ya kawaida, tairi moja ikiwa chini na nyingine juu, ukizungusha iliyo juu mara mbili difu imezunguka mara moja. Sasa usihesabu mara mbili utadanganyika, zungusha tairi mara 20 mwenzako ahesabu propela. Ikifika 39 ni 3.9, ikiwa 37 ni 3.7, ikiishia 33 na zaidi ya nusu ni hiyo hiyo uliyo nayo nyumbani. Ikiwa ni ile ya kufunga, LSD, inua tairi zote mbili, zitazunguka pamoja, hapo mara 10 ndizo zinakupa hesabu ile ile.

Ukiwa hapo chini shika propela uicheze kushoto na kulia, mchezo kidogo ni kawaida, ukisikia inagonga achana nayo. Fungua nati ya mafuta, chovya kidole. Ukitoa unga wa chuma unaong'aa, rudi nyumbani. Na chukua difu nzima, asije akakuuzia krauni na pinioni tupu, kuzipanga na shimu, vile vipande vyembamba vya chuma, ni kazi ya fundi mwenye vipimo, zikipangwa vibaya difu italia kila ukiachia mafuta.

coastalZ
Subaru Impreza STI za huko Marekani za 2004 mpaka 2006 nyuma zina R180 ya 3.9 tena LSD. watu wanaziweka kwenye Z, ila shafti za kutoka kwenye difu haziendani na zako, lazima ununue za kutengenezwa maalum. kama ya jamaa ikikataa hesabu ya mzee angalia huko

Pinioni35
Na kwenye giaboksi usisahau kola ya beringi ya klachi, ile pete inayobeba beringi, ziko za urefu tofauti, iendane na pleti ya klachi utakayofunga. Ukichanganya, klachi haitaachia au itateleza na itabidi ushushe giaboksi tena.

Ukishafunga 3.9, spidi mita itakudanganya, kebo yake inatoka kwenye giaboksi kwa hiyo haijui kama difu imebadilika. Ukiwa 100 itasoma kama 115. Ubavuni kwa giaboksi kuna pinioni ndogo ya plastiki pale kebo inapoingia, hesabu meno yake kabla hujafunga. Ikiwa 17 kwa difu ya 3.36, kwa 3.9 tafuta ya 20, alafu linganisha na GPS ya simu.