Jodari wadogo wananichanganya: yupi mapezi njano, yupi macho makubwa?

Kijana wa Feri
Wakuu habari za saa hizi. Niko fildi hapa Feri Dar nakusanya data za utafiti wangu wa chuo na nimekwama kwenye jodari. Wakubwa hawanisumbui, mapezi njano akishakuwa mkubwa pezi la juu na la chini yanarefuka kama mundu, hata mtoto anamjua. Shida ni hawa wa chini ya sm 50, dalali anawaita wote jodari, bei moja, kapu moja, na mimi kwenye fomu natakiwa nimtenge Thunnus albacares (mapezi njano) na Thunnus obesus (macho makubwa). Macho naona makubwa kwa wote jamani 😅 Nikafikiria nikate kila samaki kipande nipeleke DNA, msimamizi wangu akacheka akaniuliza hela iko wapi. Msaada.

Nahodha Mstaafu
Mwanangu macho achana nayo, samaki mdogo yeyote ana macho. Shika mkia, pale katikati kwenye panda. Mapezi njano ana kijibonde kama herufi V au M, macho makubwa pako bapa au pamejikunja kidogo tu. Halafu ubavuni, mapezi njano ana mistari myeupe iliyobanana imejipinda, mstari mzima, unafuata wa vidoti, tena mzima, tena vidoti. Mwenzake mistari yake michache, iko mbalimbali, imesimama wima na vidoti havina mpango. Ila hiyo ni kwa samaki anayetoka majini, akishalala kwenye barafu mpaka asubuhi mistari yote inafutika unabaki na samaki wa kijivu tu. Na pezi la kifuani, la macho makubwa mdogo ni refu, linapita pale pezi la pili la mgongoni linapoanzia.

Mtu wa Maabara
Naongezea kwa nahodha, pasua tumbo uangalie ini. Ini la macho makubwa upande wa chini lina michirizi ya mishipa ya damu, la mapezi njano ni laini na kipande chake cha kulia kimerefuka kuliko vingine. Albakora, jodari mwingine, naye ana michirizi, ila pezi lake la kifuani ni refu kupita kiasi utamjua.

DNA nayo usiiabudu mdogo wangu. Watu wengi wanakimbilia COI, kipande cha DNA ya mitokondria (vile vijiwanda vya nishati ndani ya seli), herufi kama 650, lakini jodari hawa wametengana juzijuzi kwa hesabu za mageuzi, tofauti ni herufi chache sana, na hifadhidata za mtandaoni zina sikwensi (mpangilio wa hizo herufi) ambazo aliyezipandisha alikosea jina la samaki tangu mwanzo, sasa wewe unalinganisha na kosa la mtu. Bora eneo la udhibiti, sehemu ya DNA ya mitokondria inayobadilika haraka, na uongeze jeni moja la kwenye kiini cha seli, maana mitokondria inatoka kwa mama peke yake. Jodari bluu wa Atlantiki wapo waliokutwa wamebeba mitokondria ya kialbakora, ukipima hiyo tu unaandika jina la samaki mwingine kabisa. Kwahiyo pima wale wenye utata tu, kipande kidogo cha nyama kwenye ethanoli ya 95%, usitie formalini inaharibu DNA, na mkasi usafishe kila ukimaliza samaki mmoja.

Mama Samaki
Na nani atakuruhusu upasue samaki wa watu kabla ya mnada?? 😂 Nenda kwa wanaoparua, omba kwa adabu, utumbo wanautupa. Ila piga picha ya mkia kwanza na umfunge samaki namba, la sivyo utabaki na ndoo ya maini hujui ni la nani.

Kijana wa Feri
Asanteni sana, shikamoo nahodha. Leo alfajiri nimekaa na akina mama wa kuparua, samaki 11: tisa maini laini na mikia yenye kijibonde, mmoja ini la michirizi na mkia bapa. Wa 11 mkia wake umekatika na ini limepondeka, huyo ndo nimemtia kwenye ethanoli.

Nahodha Mstaafu
Marahaba. Huyo wa 11 pezi la kifuani uliliangalia?

Kijana wa Feri
...nimesahau nahodha 🙈